Kibao cha Mzee Engole

Mukuju nzima ilimjua Engole kama mkulima hodari, mpaka alipogundua kwamba watu wa mjini hufurahi kukamua ng'ombe wasio wao. Tangu hapo akajiita mkurugenzi. Kila Jumamosi wageni walimiminika kutoka Tororo na Busia kuchuma machungwa, kuvua samaki bwawani na kupiga picha na mbuzi na fahali.

Mpwa wake Arnold, aliyewahi kuwa dereva wa wakili mmoja mjini na kwa hiyo kujiona naye ni wakili, akamshauri aweke kibao langoni: MWENYE SHAMBA HAHUSIKI NA LOLOTE.

"Ukishaweka hicho, mjomba, sheria haikugusi."

Engole alikipenda kile kibao kuliko ng'ombe wake. Mkewe Nerima alipomwambia kivuko cha mbao cha bwawani kimeoza, alimcheka. "Mama Okochi, kwani hujui kusoma?" Ua ulipoanguka, akakipaka kibao rangi upya.

Ndipo akaja Mable, mwalimu kutoka Busia ya upande wa Kenya. Alikanyaga kivuko, mbao zikakatika, akatumbukia na kuvunjika mguu. Engole alifika mbio, mikono mitupu, na swali mdomoni.

"Madam, pale langoni ulisoma?"

"Nimesoma, mzee! Nivute kwanza!"

Mable akamshtaki. Engole alikwenda mahakamani Tororo kwa bodaboda, amekipakata kibao chake kilichofunikwa shuka kama bibi harusi. Hakimu alikisoma, kisha akamwuliza taratibu, "Ulijua kivuko kimeoza?"

"Vizuri sana, mheshimiwa! Ndiyo maana nikaweka kibao."

Watu wakaangua kicheko. Arnold, aliyeketi nyuma, akainama kutazama viatu vyake.

"Mgeni hawezi kukubali hatari uliyomficha," hakimu akasema, akamwamuru agharamie matibabu yote. Fahali aliyependwa na wapiga picha akauzwa.

Nerima alifunga shamba mpaka kivuko kikajengwa upya kwa saruji. Lilipofunguliwa, Engole alikuwa na hofu mpya: alimshika kila mgeni mkono, akimwonyesha kila jiwe na kila kisiki.

"Baba, hapa niache niingie peke yangu," mgeni mmoja akamsihi mlangoni mwa choo.

Nerima akaona yatosha. Akamkabidhi mumewe ndoo. "Nenda kwa ng'ombe, Baba Okochi. Wageni niachie mimi."

Engole akanung'unika kidogo ili heshima isipotee, kisha akaenda, na moyoni akashukuru.