Ala ya Mfukoni

Tangu apewe kibali cha bastola, baada ya majambazi kumvamia mara mbili akitoka sokoni, Absalom hakuutoa mkono wa kulia mfukoni. Bastola yenyewe ilikuwa ndogo, haizidi kiganja, lakini haikutulia. Akiinama juu ya gunia la vitunguu, inalala. Akisimama, inageuka mdomo juu. Mkewe, Pascalia, alimshonea kifuko cha kitambaa, na siku ya pili tu ufunguo wa ghala ukapenya mle hadi kwenye kifyatulio. Absalom aliuchomoa polepole, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kooni.

Jumatatu, Mzee Suleiman wa Likoni, mnunuzi wake wa miaka mingi, alifika sokoni Kongowea akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mzee," Absalom akasema, akampa wa kushoto.

Mzee aliutazama ule mkono asiushike. "Wa kushoto, Absalom? Nimekukosea nini?"

"Samahani, mzee. Huu mwingine una jeraha."

"Jeraha la mfukoni!" akadakia hamali mmoja. "Wiki nzima bosi analitomasa, utadhani kuku anatafuta pa kutagia!"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka, alikwenda kununua kwenye kibanda cha pili. Absalom akawatazama waliocheka, mmoja mmoja. Ikiwa hamali amejua mle mna kitu, jambazi je?

Alasiri hiyo hiyo alikwenda Kisauni kwa Mwidani, fundi wa ngozi, mshonaji wa makubadhi na ala za visu.

"Kibali unacho?" Mwidani akauliza kabla ya salamu kwisha. Akakisoma chote. "Risasi?"

"Nimezitoa."

"Nionyeshe, bwana. Mimi nina watoto."

Aliporidhika, Mwidani alitungua ala laini iliyokuwa ikining'inia. "Hii waondoka nayo leo. Itie mfukoni. Chuchumaa. Inama."

Absalom akainama. Ilitulia vizuri, akaanza kutabasamu. Mwidani akaibonyeza kwa nje kwa kidole kimoja. Ngozi ikabonyea, ndani kifyatulio kikalia ta! Bastola ilikuwa tupu, lakini Absalom aliruka.

"Ingekuwa na risasi, wallahi, paja hilo ungelisahau," Mwidani akasema. "Ala ya kisu hufuata kisu. Bastola yataka ngozi nene, niiloweke, niikande ikauke ngumu hapa penye kifyatulio. Upande wa ngozi unaokwaruza nitauweka nje ung'ang'anie kitambaa, ili ukichomoa bastola, ala ibaki mfukoni. Na mfuko huo usitie kitu kingine, hata peremende."

"Lini?"

"Siku tatu."

"Siku tatu! Soko zima linajua nina kitu. Nipe hii laini, nitakuwa mwangalifu."

"Uangalifu wa wiki nzima umekufikisha wapi?"

Absalom aliitoa mfukoni ile ala laini, bastola ikiwa ndani, akaigeuza, akaibonyeza mwenyewe. Ta! Akaibonyeza tena. Mwishowe akachomoa bastola, akairudisha ala kwenye msumari wake. Mwidani akachukua kadibodi, akachora umbo la bastola ili achonge mfano wake wa mti wa kukandia ngozi.

Usiku Absalom aliifungia bastola sandukuni. Pascalia alimsikia akiamka mara nne kwenda kulijaribu kufuli.

Asubuhi wachukuzi walimwona akipanga vitunguu kwa mikono miwili, upesi upesi, akigeuka nyuma kila lori lilipofunga breki.