Tangazo la Tatu

Namshukuru Mungu aliyenifikisha uzee huu na akili timamu, zawadi ambayo sikujua thamani yake mpaka nilipoona mwingine akiikosa.

Nakumbuka siku moja hapa kijijini Maretadu, tukipura maharage, mdogo wangu Tluway aliweka fimbo chini akauliza, "Dada, nani huyo ananitukana?" Tulikuwa wawili tu. Nilicheka. Mwanangu, wakati ule Tluway alikuwa fundi seremala kijana, anapima mlango kwa jicho na mlango unaingia.

Siku zilizofuata akaacha kulala, akawa anajibizana na ukuta. Nami nilikuwa nimeposwa. Jumapili iliyokuwa inakuja lingesomwa kanisani tangazo la kwanza la ndoa yangu. Matangazo husomwa Jumapili tatu, na mwenye kujua kizuizi hutakiwa aseme. Niliogopa wakwe wasikie kwamba kwetu kuna kichaa. Nikamwambia mama, "Tuseme ana malaria. Tungoje tangazo la tatu lipite." Tukamfungia chumba cha ndani.

Tangazo la tatu likapita. Tukangoja harusi, kisha mavuno. Baadaye akanyamaza, akawa mtu wa kukaa kona siku nzima, nasi tukafurahi, tukasema, "Ametulia."

Nilipompeleka hospitali, mtoto wangu wa kwanza alikuwa anatembea. Nesi, mama wa Kiislamu aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, aliuliza, "Alianza lini?"

"Kabla ya tangazo la kwanza la ndoa yangu."

Akamtazama mtoto aliyekuwa akivuta kanga yangu. "Na huyu ni wa ndoa hiyohiyo?"

Nilisema ndiyo.

"Kutulia siyo kupona, mdogo wangu. Dawa tutampa, zitamsaidia. Lakini ugonjwa huu ukiachwa muda mrefu, safari ya kurudi huwa ngumu."

Zilimsaidia kweli. Sauti zilipungua, akala nasi, akalima. Useremala ndio haukurudi. Hupima ubao mara tatu na bado husahau. Mjukuu wangu anayeishi Gitting alipoanza kusikia sauti, tulimpeleka hospitali wiki ileile, tukiomba njia nzima. Amerudi chuoni. Najua si kila anayewahi hupona sawasawa, ila aliyewahi ana nafasi ambayo mimi nilimnyima ndugu yangu.

Jumapili iliyopita yaliposomwa matangazo ya ndoa, Tluway, sasa mzee mwenye mvi, aliniinamia akanong'ona, "Dada, hao nao wamemficha nani?" Akacheka. Mimi nilishindwa kucheka.

Mwanangu, mficha maradhi kilio humuumbua. Ukiona mwenzako anajibu asipoitwa, mpeleke hospitali huku unaomba. Sala na dawa havigombani. Akitulia, asiache dawa bila daktari kusema. Na kama umeshachelewa, usikae na aibu yako: nenda leo.

Mungu akulindie akili yako, wewe unayesoma, na akupe moyo wa kufungua mlango wa chumba cha ndani. Amina.