Mabua ya Mtakatifu Trifone

Watu wa mji wetu walimwita Donata Calò "Bibi Ukungu," na jina hilo lilianzia kwa baba yake mwenyewe. Mzee Pantaleo alipoulizwa pale mkahawani binti yake anafanya nini huko chuo kikuu cha mji wa Lecce, alijibu, "Anapiga picha za ukungu. Na wanamlipa."

Hakukosea sana. Wengi wanaochora kwa kompyuta hutengeneza ganda: uso wa mtu, ukuta wa nyumba, na ndani hamna kitu. Donata alishughulika na vitu vilivyojaa. Mashine ya eksirei ilimletea mwili mzima kama tofali lililojengwa kwa chembe ndogondogo, kila chembe na namba yake: hii nzito, hii nyepesi. Kazi yake ilikuwa kuamua ipi ionekane na ipi iwe kama kioo. Akiififisha ngozi, mfupa unatokea. Akiirudisha kidogo, mfupa unavaa ukungu. Hospitali zilimletea mafuvu, magoti, mioyo ya watoto, naye alikaa mbele ya skrini miaka nenda rudi, akipeta kama anayepeta dengu, mpaka kilichotakiwa kibaki peke yake.

Mimi nauza mboga. Siku ya maandamano ya sikukuu niko chini ya machela ya Mtakatifu Trifone, bega la kushoto, nyuma ya Pantaleo aliye mkuu wa sisi wabebaji. Mtakatifu wetu ni sanamu ya karatasi iliyolowekwa gundi, kama ndugu zake wote wa Lecce. Mwaka ule, tulipomshusha kumpangusa vumbi, kitu kililia ndani yake. Paroko akatamka: asipopimwa hatoki, na akikutwa mbovu atafungiwa kwenye kabati la kioo, tubebe mwingine wa plastiki. Alikuwa ameshamchagua kwenye katalogi.

Pantaleo akameza kiburi.

"Donata, ile mashine yako ya ukungu..."

"Mashine si yangu, Baba."

"Ya nani basi?"

"Ya farasi."

Ndiyo pekee iliyokuwa na mdomo mpana wa kutosha kumwingiza, kwenye kliniki ya wanyama nje ya mji. Tukamng'oa mtakatifu mikono, tukamfunga mablanketi, tukampakia kwenye gari langu la mboga.

"Mwambieni daktari asimpigilie viatu vya farasi," nikasema.

"Nyamaza, Cesario," akasema Pantaleo. "Mtakatifu huyu ndiye anayekulindia kabichi zako."

Siku chache baadaye Donata akafungua kompyuta yake kwenye meza ya jikoni kwa baba yake, nami nikiwepo. Mtakatifu akatokea mzima, ndevu na joho. Akasogeza kitu kwa kidole, joho likayeyuka. Ndevu zikayeyuka, uso ukafuatia. Ikabaki nguzo ya mti, misumari, na waya wa taji. Kiunoni nguzo ilikuwa imekatika, upande mmoja hadi mwingine.

"Rudisha uso," akasema Pantaleo.

"Baba, uso ni karatasi. Tunatafuta kinachombeba."

"Nimesema rudisha uso wake."

Akaurudisha. Kisha akasema taratibu, "Imekatika kabisa. Lazima nimwambie paroko."

"Lazima? Nani kakulazimisha?"

"Baba."

"Nikulee, nikusomeshe, halafu uje umvue nguo mtakatifu jikoni kwangu, kisha umfungie kabatini?"

Akatoka uani. Tukasikia ndoo ikipigwa teke.

Mimi nilibaki kwa sababu kahawa yangu haikuwa imekwisha, na kwa sababu Donata alikuwa anauma mdomo kama alivyokuwa akifanya utotoni. Hakulia. Alirudi kwenye ule mvunjiko, akausogeza karibu mpaka ukajaa skrini.

"Hii si ya mwaka huu," akasema. "Mti ukivunjika leo, unaacha meno. Huu umelainika, na gundi imeingia. Cesario, mwaka jana mlimwinamisha?"

"Mbele ya mlango wa kila mjane, kama siku zote. Mpaka kidevu kinatazama ardhi."

"Na hakukatika vipande viwili."

"Angekatika ungesikia mpaka Lecce."

"Basi nini kilimshika?"

Akafunga picha na kuanza kusoma maandishi ya programu yake. Akapata alichokitafuta, akaegemea kiti. Programu ile, kabla ya kuonyesha chochote, ilikuwa ikitupa kila chembe iliyokaribia wepesi wa hewa. Mstari wa amri hiyo aliuandika mwenyewe zamani, kwa ajili ya mifupa, maana kando ya mgonjwa hakuna chepesi cha maana: blanketi, sponji ya mto, hewa ya chumba.

"Nimezoea wagonjwa," akasema.

Akaufuta mstari. Mtakatifu akarudi amezungukwa na kijivu kitupu, kweli ukungu. Donata akausafisha kidogokidogo, bila haraka. Mabua ya ngano yakaanza kuonekana.

Kila mtu kwetu anajua kwamba watakatifu wa karatasi wamejazwa mabua. Hakuna anayeyahesabia kitu. Ni ya kumpa umbo. Lakini kiunoni mwa Trifone hayakuwa ya kujazia. Yalikuwa yamesokotwa yakawa kamba nene, yakalazwa juu ya mvunjiko, yakafungwa kwa uzi wa katani, mzunguko juu ya mzunguko, kama mkono uliovunjika unavyofungwa na mtu anayeogopa kumuumiza mwenye mkono. Kuna aliyempasua, akamfunga, akamziba, akampaka rangi, na hakumwambia mtu.

"Baba!" Donata akaita. "Njoo uone."

Pantaleo akaja, mikono inatiririka maji. Binti yake akamzungusha mtakatifu polepole. Mzee akanyoosha kidole, akakizuia karibu na kioo bila kukigusa.

"Nani alifanya hivi?"

"Sijui."

"Basi yanambeba."

"Sijui, Baba. Picha inaniambia yapo. Haiwezi kuniambia yana nguvu kiasi gani."

"Ungeweza kusema ndiyo."

"Ningeweza."

Mzee akamtazama sana. Halafu akavuta kiti, akaketi kando yake, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya mbele ya kompyuta ile.

"Mwambie paroko ulichokiona," akasema. "Chote. Na nguzo pia."

Fundi wa sanamu za karatasi akaja kutoka Lecce, akaingiza mkono kwa chini, akapapasa huku amefumba macho. Akasema: wima, anabebeka. Kuinama, marufuku. Katalogi ya paroko ikarudi kwenye droo.

Donata hakuurudisha ule mstari. Wanafunzi wake wanalalamika kwamba siku hizi kila picha inaanza na vumbi, naye huwaambia wasafishe kwa mkono, watazame wanachokitupa.

Siku ya sikukuu tulitoka kwenye manyunyu ya Novemba, Donata akitembea kando ya baba yake. Mlango wa kwanza wa mjane ni wa Bi Vita Sarcinella. Tukasimama. Alikuwa amevaa shali yake nzuri, anangoja. Pantaleo akavua kofia.

"Bi Vita, utusamehe. Mwaka huu hainami. Ni kiuno."

Bikizee akainua macho akamtazama mtakatifu. "Na mimi unadhani changu ni kizima?"

Tulicheka, machela yakatikisika, Pantaleo akatukemea. Bi Vita akashika mwimo wa mlango, akainama yeye, chini kabisa. Tukangoja na mzigo mabegani mpaka akanyooka, na hakuwa na haraka.