Kiwanja cha Mwenye Kaya

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "hayo ni mambo ya akina mama", damu hunichemka. Pale gazetini Dar es Salaam, nilikokuwa nikienda kila asubuhi kwa basi kutoka Kibaha, mambo ya akina mama yalikuwa na ukurasa wake, na ukurasa huo ndio niliopewa mimi. Wenzangu wanaume waliandika siasa. Mimi niliandika namna ya kupika kisamvu kisichochacha na namna ya kumkinga mtoto na minyoo. Sikatai, minyoo ni adui. Lakini wanaume wale nilisoma nao darasa moja, na baadhi yao nilikuwa nikiwasahihishia Kiswahili.

Enzi hizo watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Nikatumwa Kisarawe, kwenye kijiji kimoja cha upande wa Marui, nikaandike jinsi akina mama wanavyofurahia maisha mapya. Furaha yao ilikuwa imekwishaamuliwa ofisini kabla sijapanda gari.

Huko nilimkuta mama mmoja wa rika langu akimenya mihogo uani kwa shoga yake. Yeye hakuwa na ua. Zamani, walikotoka, alikuwa na shamba alilopewa na mama yake, na mikorosho aliyoipanda kwa mikono yake. Ndivyo walivyoishi: mume ana lake, mke ana lake, na wakiachana kila mtu anabaki na chake. Siku ya kuhama waliambiwa waache yote, kwani kijijini kila kaya itapata kiwanja na shamba. Kweli wakapata. Kila kiwanja kikaandikwa jina la mwenye kaya, na mwenye kaya, bila mtu kuuliza, akawa mume. Halafu mume akampa talaka.

"Nikamwendea mwenyekiti wa kijiji," aliniambia. "Akasema nirudi kwetu. Dada, kwetu sasa ni mahame, hakuna mtu, nyani ndio wanaokula mabibo yangu. Na nikienda kujenga kule, wananikamata kwamba nimetoroka kijiji."

Alitaka kitu kimoja tu, kiwanja chenye jina lake. Nikamwahidi kwamba nitaandika. Nikaandika yote aliyoniambia, nikamkabidhi mhariri.

Gazeti likatoka. Sikuona mume, wala talaka, wala kiwanja. Niliona picha ya yule mama akicheka, maana mpiga picha wetu alikuwa amejikwaa kwenye mchi, na chini yake maneno haya: "Mama wa Kisarawe akifurahia maisha ya kijiji." Pembeni palikuwa na mapishi ya mihogo ya nazi ambayo sikuyaandika, na juu ya yote hayo, jina langu.

Niliingia kwa mhariri bila kubisha hodi. "Ndugu Mhariri, nani kaandika upuuzi huu?"

"Dada, punguza jazba," akasema. "Habari yako ilikuwa nzuri, ila ndefu. Wewe una kalamu tamu sana."

Alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamwambia kalamu yangu ni chungu, na sukari hiyo ameitia yeye bila ruhusa yangu. Akacheka. Kicheko kile sijakisamehe na sina mpango wa kukisamehe.

Kumbe makubwa yalikuwa mbele. Muuguzi wa zahanati ya kule alipokuja Kibaha aliniletea salamu za yule mama. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameikata ile picha na kuibandika ukutani ofisini kwake. Mama alipokwenda tena kudai kiwanja, alinyooshewa kidole ukutani: si wewe huyu, unafurahi? Unalalamika nini tena? Nililia siku ile, na yalikuwa machozi ya hasira.

Wakati huo nilikuwa pia mjumbe wa akina mama katika mikutano ya mkoa. Kazi yetu wajumbe wanawake ilijulikana. Tulivaa kanga za sare, tukaimba mgeni anaposhuka garini, tukapakua pilau, tukapiga makofi. Mkutano uliofuata ulifanyika Kisarawe, nami sikuimba. Nilikuwa nimemwomba yule muuguzi amwambie mama aje na kikundi cha ngoma cha kijiji chao, naye alikuja. Ulipofika wakati wa maswali nikasimama, nikauliza: mwanamke aliyeachika, ambaye shamba lake mlimwamuru aliache, aishi wapi?

"Ndugu mjumbe," akajibu mzee aliyeongoza mkutano, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, "leo tunazungumzia korosho. Mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani."

Nyuma kabisa, kati ya waimbaji, yule mama akasimama na mwanawe mgongoni.

"Nyumbani kwa nani, mzee wangu?"

Hakuna aliyecheka. Wale wanawake walioletwa kumshangilia mgeni wakapiga vigelegele, na walipoambiwa wanyamaze wakazidisha. Mwenyekiti wa kijiji chao alikuwa amekaa mbele, akiangalia viatu vyake.

Kiwanja akapewa. Nilikwenda kukiona, kizuri, karibu na kisima, na mama alikuwa amekwishapanda mihogo. Mwenyekiti mwenyewe alinipokea kwa bashasha, utadhani wazo lilikuwa lake tangu mwanzo. Akanieleza jinsi walivyolitatua tatizo. Utaratibu hauruhusu kiwanja kuandikwa jina la mwanamke, alisema, lakini walipotazama vizuri waliona mama ana mtoto wa kiume. Basi wamemwandika mtoto.

"Na hili nalo uliandike, dada," akasema. "Watu wajue tunavyowajali akina mama."

Nililiandika. Niliandika kwamba katika kijiji kimoja cha Kisarawe kuna mwenye kaya ambaye bado ananyonya, na kwamba mama yake anaishi pale kwa hisani yake.