Bendera ya Ishirini na Tatu

Saa tatu asubuhi, Delfina Kanyange anafumua mshono alioushona jana huku akiimba. Nje ya karakana hii ya bendera, East Side mjini Buffalo, Marekani, theluji inafika magotini. Saa nane mchana gari litaondoka na bendera za mashindano ya baridi ya vijana. Ishirini na mbili zimeshakunjwa. Ya Burundi bado, na isipowahi, mkimbiaji wake ataingia uwanjani mikono mitupu.

"Nimeweka kijani juu, nyekundu ubavuni," anasema, akijifunika uso kwa kitambaa. "Bendera ya kwetu!"

Delfina, 38, alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Kigoma, Tanzania. Bendera ya Burundi aliijua kwa mchoro wa mkaa ambao baba yake aliuchora ukutani. Nchi nyingine zote huzishona kwa kufuata karatasi ya mfano. Hii hakuifungulia karatasi.

"Ningeangaliaje karatasi? Ni kama kuuliza jina la mama yangu."

Kwa miaka tisa ameshona za Norwei na Kanada. Mwaka huu waandaaji wameondoa kuruka kwa ski na kuingiza mbio za viatu vipana vya theluji. Nchi zimepanda kutoka kumi na nane hadi ishirini na tatu. Burundi inaleta kijana mmoja, Kwizera, aliyefanyia mazoezi Louisville, mji usio na theluji ya kutosha.

"Mama Kirezi, hata mimi wa Bukavu ile bendera naijua!" Laurentine, Mkongo wa meza ya pili, anamtania Delfina akimwita kwa jina la mwanawe. "Bon, leta huo upande nikusaidie."

"Wewe usiiguse. Utaniwekea nyota yenu ya njano."

Wanacheka, kisha Delfina anamsogezea upande mmoja. Saa nane kasoro dakika sita, dereva akipiga honi, Delfina anakata uzi wa mwisho. Nyekundu iko juu.

Hajawahi kuona bendera yake hata moja ikipandishwa. Jumamosi hii atakwenda kuiona, na kwa mwakani, mashindano yatakapohamia Columbus, ameshaomba likizo.

"Nitasimama pale wanapomalizia. Kwizera hata akiwa wa mwisho, nitapiga vigelegele mpaka wazungu wadhani ameshinda."