Goti la Mtani

Kaka yangu alitukanwa kutoka Makutupora hadi ndani ya chumba cha dharura mjini, na aliyemtukana alikuwa amemkandamiza paja kwa goti njia nzima. Ndiyo maana yu hai.

Ilikuwa kiangazi, msimu ambao upepo wetu haupigi hodi. Kaka alikuwa akiezeka banda la zabibu, yeye juu, mtani wake chini akimpandishia mabati. Sisi ni Wagogo. Mtani ni Mrangi wa Kondoa, na tangu wafahamiane wawili hao hawajawahi kusalimiana kwa adabu. Upepo ukanyanyua bati moja kabla halijapigwa msumari. Lilimkata kaka paja kwa ndani, akaanguka nalo.

Nilikuwa nimewapelekea chakula. Nilimpigia simu tabibu wa zahanati yetu, akaniuliza jambo moja: damu inatoka au inaruka? Nikamwambia inaruka. Akasema tukunje kitambaa, tukandamize kwa uzito wote, tusifunue kuchungulia, na tusimwache anyamaze. Nilivua khanga yangu ya juu. Mtani akaikunja, akaiweka kwenye jeraha, akapiga goti juu yake.

Tulipakiwa kwenye kirikuu, kigari cha kubebea zabibu. Kila tulipopita tuta goti liliteleza kidogo na khanga ikazidi kulowa. Midomo ya kaka ilikuwa imepauka. Nilimwita, nikamwombea, nikamsihi anijibu. Hakujibu.

Mtani akaanza.

"Lala, Mgogo, lala. Ng'ombe wako nimeshawachagulia zizi. Yule mwekundu nitamchinja siku ya arobaini yako."

Kaka alifungua jicho moja, akalifumba tena. Mtani akahamia kwenye mlenda, kwamba huyu amekula utelezi maisha yake yote, ndiyo maana hata juu ya paa ameteleza. Akamwambia kwamba mkewe, wifi yangu, atarithiwa na yeye mtani, na kwamba huko Kondoa atakula asali hadi asahau kwamba alikuwa na mume. Kwetu maneno hayo hayana kosa. Mtani anayasema hata msibani, mbele ya maiti. Lakini dereva, mgeni wa mkoa huu, alikuwa akinitazama kwenye kioo kana kwamba nimepanda na mwendawazimu.

Hospitalini walimlaza kaka kwenye kitanda cha magurudumu, mtani akiwa bado juu yake, goti palepale, mdomo ukiendelea. Mlinzi akamshika bega, akisema mgonjwa hatukanwi hapa. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, aliangalia goti, akaangalia khanga, akamwambia mlinzi atoe mkono.

"Ni watani hao. Na wewe baba, endelea, ila goti lisisogee."

Ndipo kaka alipofungua mdomo. Sauti ilikuwa ndogo, tukainama wote kusikiliza.

"Ng'ombe wangu," alisema, "hata mkia hutashika."

Daktari aliyekuwa akivaa glovu alicheka. "Anabishana," akasema. "Twendeni naye haraka."

Mshipa ulishonwa siku hiyohiyo. Mtani alijitolea damu, na tangu hapo anamtangazia kila mtu kwamba nusu ya kaka sasa ni Mrangi na nusu hiyo ndiyo yenye akili. Siku tuliyomrudisha kaka nyumbani kwake Nkuhungu, hukohuko mjini, mtani alipita moja kwa moja uani bila kubisha, akamkamata jogoo mkubwa, akaondoka naye akiimba. Ni haki yake. Wifi alimfungulia geti, na majirani wakapiga vigelegele. Sijawahi kufurahia kuibiwa kama siku ile.

Mguu wenyewe umebaki, umepona, una joto. Ila sehemu ya mbele ya unyayo bado hainyanyuki. Daktari anasema neva iliguswa, na neva huamka polepole, nyingine haziamki. Jana nilimwambia afumbe macho na aseme akihisi, kisha nikapitisha unyasi chini ya unyayo wake, kisigino hadi kidole gumba, mara tatu. Kaka akafumbua macho, akauliza kama nimeshaanza.