Boriti ya Bay Thoi

Tangu maua yachanue, nyuki walikuwa wakitambaa juu ya kaburi la Bay Thoi, na mjane wake, Ut Man, usingizi ulimpaa.

Humo kaburini hamkuwa na mtu. Bay Thoi alikuwa mrina asali katika msitu wa tram, ile miti ya majimaji yenye magome ya kubanduka kama karatasi. Kiangazi kilichopita moto wa msitu ulimmeza, halikubaki hata jino. Mtu wa namna hiyo huzikiwa gogo la mforosadi lililovishwa nguo zake. Lakini mforosadi haukupatikana siku ile, na mama mkwe, Bibi Nam, alikuwa akilia mwanawe azikwe kabla jua halijatua. Man akachukua gogo la tram lililoegemea ukuta wa jiko, akalivisha shati.

“Mwanangu hajalala,” Bibi Nam alisema, akisikiliza mvumo wa nyuki. “Ulimzika vibaya wewe.”

“Nilimzika nilivyoweza, mama.”

Shemeji yake, Tam, akacheka. “Kaka alikuwa mbishi tangu akiwa hai, mlidhani akifa atatulia? Nipeni moshi niwatimue hao nyuki.”

“Thubutu uone! Aliyekufa motoni umfukizie tena moshi?” Bibi Nam alifoka.

Tam akanywea, akamgeukia Man. “Basi, shemeji, lile gogo lilikuwaje?”

“Laini. Likinuka nta.”

Neno lilipomtoka, ndipo Man alipotambua. Warina wa huko huinamisha boriti ya tram penye mwanga msituni ili nyuki waje wajenge, na iliyokwisha kukaliwa hutunzwa kama mboni ya jicho, kwani nyuki huirudia harufu. Alikuwa amezika boriti ya mumewe, na nyuki walikuwa wameifuata.

Wakafukua. Shati lilikuwa limeoza, boriti nzima vilevile. Tram haijali maji. Man aliikumbatia mbele ya mkwewe, haya zimemwisha, mpaka Tam akamwachisha taratibu. Wakazika gogo la mforosadi ambalo Tam alilileta kwa mtumbwi, na Man akaenda kuisimika ile boriti msituni.

Kesho yake pale kaburini hakuonekana nyuki hata mmoja. “Sasa amelala,” alisema Bibi Nam, naye akajilaza, akakoroma mchana kutwa.

Man alikaa kando ya kaburi, ametega sikio. Kimya. Miezi yote ile aliuogopa mvumo, kumbe ndiyo sauti pekee ya mumewe aliyobakiwa nayo. Na yeye mwenyewe ndiye aliyeifukuza.